Vitambaa Saba vya Shingo

9 Februari

Mwanangu Kifungo,

Barua yako ya mistari sita imefika. Niliihesabu mistari mara mbili nikidhani ukurasa mwingine umebaki ndani ya bahasha. Nikaichana bahasha pande zote, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kitu.

Unasema simu inakusumbua, kazi ni nyingi, na ingekuwa vizuri tuandikiane kama ulipokuwa shule ya bweni. Mimi sikatai barua. Herufi za kwenye simu yangu ni ndogo kama sisimizi, ukinitumia ujumbe lazima nimpelekee jirani anisomee, na ukishasomwa na jirani umeshasomwa na mtaa. Lakini wewe ni mtu wa simu mbili. Umenipigia kila Jumapili saa nne asubuhi kwa miaka kumi na moja, hata siku ile ulipokuwa unaitwa uwanja wa ndege na ndege inataka kuondoka. Leo ghafla umekumbuka stempu. Kuna kitu hapo.

Basi nami niseme, maana nimekaa nalo rohoni tangu mwezi wa kwanza. Najua umenuna, na najua ni kwa sababu ya simu ile ya mwisho. Ulipiga, hata salamu hazijaisha nikakurukia. Nilikwambia yule Karani Samahani unayemwigiza kwenye runinga ananifurahisha, namsubiri kila Alhamisi jioni nimeshazima cherehani, ila kikohozi kile kinanichoma. Zamani hakuwa nacho. Msimu huu kila akitaka kumdanganya bosi anakohoa kwanza, khu khu, anashika koo, ndipo anasema "samahani, mkuu". Watu wanashika mbavu. Mimi kikohozi kile nakijua. Nilikisikiliza miaka miwili katika chumba cha pili, mpaka asubuhi moja kikanyamaza na baba yako akanyamaza nacho. Ndiyo nikakwambia kwa hasira, usinipigie tena mpaka umeacha kukohoa hivyo. Ukasema, "Sawa, mama."

Na kweli hujapiga tena. Tangu lini wewe ukanisikiliza neno la kwanza? Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuita mara tano ndipo unakuja kuoga.

Maneno ya hasira ya mama hayashikwi hivyo, mwanangu. Piga simu.

Mimi mama yako


20 Februari

Mama,

Sijanuna. Ningejua kununa ningeshapewa michezo ya mapenzi, si ya makarani.

Ukweli ni huu: tunaandika mfululizo mpya. Tumefungiwa watu watano katika chumba kimoja chenye meza ndefu na ubao uliojaa vikaratasi, na mlangoni kuna sanduku. Simu zote zinaingia humo asubuhi, zinatoka jioni. Ukiingia humo utafikiri tuko msibani. Mtu anasoma mstari, wanne wanatazama dari, mmoja anasema "hiyo inachekesha" akiwa amekunja uso, basi mstari unabaki. Jioni nikirudi nyumbani sina neno hata moja lililobaki mdomoni. Barua naiweza. Simu siiwezi. Usiione vibaya.

Kuhusu kikohozi, sikumwiga baba. Kilikuja chenyewe siku moja katikati ya mstari, mwongozaji akacheka, nami nikakiandika ili kiwe cha Karani na kisiwe changu. Kimekwisha sasa. Nakuahidi hutakisikia tena.

Nina ombi la kazi. Katika mchezo mpya kuna mhudumu wa hoteli, anavaa kitambaa shingoni. Nishonee saba. Pamba nyepesi ile unayoweza kuona mkono ukiuweka nyuma yake, upana kiganja na nusu, kamba za kufungia kisogoni. Usitie wanga. Na tafadhali pindo lishonwe mara mbili, uzi usichomoke hata mmoja. Mafundi wa hapa hawana mkono wako.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Vitambaa nimevishona, nimevitia kwenye kifurushi pamoja na barua hii. Vyeupe vinne, vya kijivu vitatu. Mhudumu wa hoteli mmoja na vitambaa saba. Labda hoteli yenyewe ina vumbi.

Sasa nisikilize. Alhamisi iliyopita nilifanya jambo ambalo halikunipendeza, lakini nililifanya. Kipindi kilipoanza nilikuwa nimekaa na simu mapajani. Karani akaingia ofisini, akajipanguza kiti kama kawaida yake, akakaa. Mezani pake ile simu nyekundu. Nikabonyeza namba yako. Huku kwangu ikawa inaita. Na kule kwenye runinga, mbele ya macho yangu, simu nyekundu ikalia. Ukaipokea. Ukasema, "Samahani, karani hayupo, mimi ni kivuli chake," ukaongea na mtu huyo dakika nzima, ukacheka, ukamuuliza habari za mbuzi wake. Kwangu iliendelea kuita mpaka ikakatika.

Unaongea na nchi nzima. Unaongea na mtu wa mbuzi. Mimi ndiye unayemwandikia.

Nimeanza kuitazama barua yako vizuri. Mwandiko ni wako, naukubali, ile "k" inayopiga teke. Lakini mwandiko unaweza kuwa wako na maneno yakawa ya mtu mwingine, amekaa ubavuni anakusomea. "Usiione vibaya." Tangu lini ukaniambia hivyo? Wewe ungesema, "Mama, acha fitina."

Kwa hiyo nijibu hili, ambalo mkeo halijui na hakuna aliye hai analijua ila sisi wawili. Jina la Kifungo umelipataje? Koti lilikuwa la nani, kifungo kilikuwa na matundu mangapi, na baadaye nilikipeleka wapi? Usipojibu yote matatu nitapanda basi.

Mama yako


2 Machi

Mkwe wangu,

Nakusalimu. Hii nimeiandika peke yake ili isipitie kwake.

Sitaki kukusingizia. Wewe ni mwalimu, unajua kusoma mtu, nami ni mshona nguo, najua kupima. Mwanangu hanipigii tangu katikati ya mwezi wa kwanza. Nikipiga mimi inaita tu. Nikipiga yako unapokea, unasema "yuko kazini", halafu naona kama unashika mdomo wa simu kwa mkono. Nasikia maji ya bomba, nasikia kiti kinavutwa. Mtu aliye kazini havuti kiti nyumbani kwake.

Kama mmegombana, sema. Kama amekwambia usinipe niongee naye, sema hivyo hivyo. Na kama simu yake inakaa mkobani mwako, itoe. Nilikukaribisha kwangu nikakushonea gauni la harusi bila kukupima mara ya pili, kwa vile nilikuamini wewe na macho yangu.

Mama mkwe wako


12 Machi

Mama,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa shuleni, chumba cha walimu, nikalazimika kutoka nje. Simu yake haiko mkobani mwangu. Hatujagombana. Na si kwamba hataki kuongea nawe.

Ni mzima, anapumzika, anakula uji na supu, anaongezeka uzito kidogo. Vitambaa vimefika na anakushukuru sana, anavitumia kila siku, nami navifua jioni navyo vinakauka upesi. Vya kijivu ndivyo anavyovipenda.

Kuna mambo si yangu kuyasema, Mama. Nakuomba unihurumie kwa hilo. Nimemwambia akuandikie kwa urefu.

Mkweo


14 Machi

Mama, acha fitina.

Koti lilikuwa la mwalimu mkuu. Jeusi, la sherehe. Nilikuwa na miaka mitatu, nimekaa chini ya meza ya cherehani kati ya vipande vya vitambaa, wewe unageuza bitana, kifungo kikaanguka mbele yangu nikakimeza. Kilikuwa na matundu manne. Ulinilisha ndizi siku mbili na kunifuata na kopo kama askari wa forodha. Siku ya tatu kikatoka. Ukakiosha kwa sabuni, kwa maji ya moto, kwa sabuni tena, halafu kwa kuwa kifungo kama kile hakikupatikana dukani, ukakirudisha kwenye koti la mwalimu mkuu, pale pale kifuani. Ukaniambia, "Siku ukisema hili kwa mtu, mimi na wewe tutahama."

Miaka saba nilisimama kwenye mstari wa asubuhi nikimtazama anatuhubiria usafi, na kifungo kinang'aa kifuani kwake. Wenzangu walisukumana. Mimi sikuinua hata kona ya mdomo. Wanaoniuliza kwenye magazeti nilisomea wapi uigizaji huwa nawatajia chuo. Ni uongo. Nilisomea pale, na mwalimu wangu ulikuwa wewe: kujua jambo ambalo mwenzako halijui, ukabaki na uso mkavu.

Mengine yote yalitoka hapo. Ulikuwa ukipima wateja nyuma ya pazia, mimi nikisikiliza wanavyovuta tumbo ndani wakisema "hapo hapo, fundi, usikaze," na jioni nikiwaigiza mezani mpaka baba anaweka kijiko chini. Redioni nilianza na sauti zao. Kwenye runinga nilianza kwa kubeba trei na mstari mmoja, "Supu imepoa," na wewe ukaita mtaa mzima kuja kuusikia, halafu ukapiga chafya nikawa nimeshapita.

Vitambaa ni vizuri mno. Bado viko kwenye sanduku lao, tunasubiri siku ya kurekodi.

Mwanao Kifungo


3 Aprili

Mwanangu,

Nimesoma barua yako nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka. Nimeziweka zote mezani, yako na ya mkeo, moja juu ya nyingine, kama ninavyoweka kipande cha mkono wa shati wa kulia juu ya cha kushoto kuona kama vimekatwa sawa. Havijakatwa sawa. Mkeo anasema vitambaa unavitumia kila siku na anavifua jioni. Wewe unasema viko kwenye sanduku. Mkeo anasema unapumzika. Wewe unasema umefungiwa kwenye chumba cha watu watano. Mkeo anasema uji na supu. Mtu mzima mwenye meno yake anakula uji na supu kwa nini?

Nilitaka kukuandikia siku hiyo hiyo. Nikasita, nikasema labda ndiyo mambo ya watu wa runinga. Alhamisi ikaja, nikakaa karibu na kioo nikitafuta vitambaa vyangu. Sikuviona. Ila niliona kitu. Karani aliingia na shati la michirizi, akatoka mlangoni, akaingia chumba cha pili na shati lile lile, na kola ikawa imemlegea vidole viwili. Mlango mmoja tu, hatua tatu. Mtu hakondi shingo kwa hatua tatu. Nimeshona kola miaka arobaini.

Sasa nikueleze lililotokea jana.

Alikuja mteja, nesi mstaafu, ameleta gauni la kuachia kiunoni. Kitambaa kimoja cha nane nilikuwa nimekibakiza cha kujaribia mshono, kimelala juu ya cherehani. Akakiokota. Akakiweka kwenye shingo yake, akakishusha chini kidogo, hapa kwenye kibonde kati ya mifupa. Akaniambia, "Pole, dada. Nani kwenu kapasuliwa koo?"

Nikasema hakuna, ni vya mchezo wa runinga, vya mhudumu wa hoteli.

Akanitazama. Akasema, "Nimekaa wodi ile miaka kumi na tisa. Hiki kinakaa mbele ya tundu, mtu apumulie, vumbi lisiingie. Ndiyo maana umekipinda mara mbili, uzi usije ukavutwa ndani. Wewe ulidhani pindo lile ni la nini? Mhudumu gani wa hoteli anapumulia shingoni?"

Nikamwambia gauni litakuwa tayari Ijumaa.

Alipotoka nilishona mkono wa shati la mtu ndani nje. Nikaufumua. Nikaushona tena ndani nje.

Kifungo, nimekaa na haya tangu jana na yanashonana yenyewe. Kikohozi ambacho "kilikuja chenyewe". Ahadi yako kwamba sitakisikia tena. Simu inayoita tu. Kiti kinachovutwa na mtu asiyesema. Mkeo anayetoka nje ya chumba cha walimu. Sijui tu hilo la runinga, maana Alhamisi kwa Alhamisi nakusikia unaongea kwa sauti yako, na hapo ndipo akili inaponigomea.

Katika barua tunaandika "mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe". Nimeandika hivyo maisha yangu yote kama mtu anavyobisha hodi, bila kufikiri. Leo nimeyaandika hayo maneno kwenye karatasi nyingine, nikayatazama, nikashindwa kuendelea. Ndiyo maana barua hii haina salamu.

Niambie kama unaishi au unaondoka. Hicho tu. Mengine nitayamudu.

Na kama siku ile ulinipigia ili kuniambia hili, nami nikakugombeza kwa kukohoa, usinifiche hilo pia.

Mama


11 Aprili

Mama,

Naishi.

Nimeliweka mwanzo ili usilitafute. Sasa kaa chini usome lililobaki.

Uvimbe uligunduliwa mwezi wa kumi mwaka jana, kwenye kikoromeo. Daktari alitaka kunipasua wiki ile ile. Nilimwomba nimalize kurekodi. Hapo ndipo akili yako inapogomea, na kosa ni langu kutokukueleza siku zote hizi: unachokiona Alhamisi hakitokei Alhamisi. Tunarekodi msimu mzima miezi kabla, vipande vipande bila mpangilio, leo mlango, mwezi ujao chumba kilicho nyuma ya mlango. Ndiyo maana shingo yangu ilikonda kwa hatua tatu. Kati ya hatua ya pili na ya tatu nilipungua kilo sita. Watu zaidi ya ishirini walikuwa kwenye chumba cha kuhariri, wakatazama kipande kile mara mia, na hakuna aliyeona. Ulikiona wewe, umekaa na miwani ya duka la dawa.

Kikohozi sikuweza kukizuia. Kila mstari kilikuwa kinanikata. Nikakaa usiku mmoja nikakiandika kwenye mchezo: Karani akitaka kudanganya, anakohoa. Baada ya hapo kila nilipokohoa watu walicheka, na hakuna aliyeuliza. Ni kichekesho bora nilichowahi kuandika na ndicho ninachokionea aibu.

Tulimaliza mwezi wa kumi na mbili. Jumapili ile ya mwezi wa kwanza nilikupigia kukwambia kwamba Jumanne naingia chumba cha upasuaji. Ndiyo, Mama. Umesema nisikufiche, sikufichi. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi niyasome. Ukaanza na kikohozi na baba na chumba cha pili, na nikasikia sauti yako ilivyokuwa, nikaona sitakutia kwenye chumba kile mara ya pili kwa simu. Nikaikunja karatasi. "Sawa, mama" ndiyo maneno ya mwisho niliyokwambia kwa sauti yangu. Nimeyafikiria sana. Naona kama ningepewa nafasi ya kuyaandika upya ningeyaacha hivyo hivyo.

Wamekiondoa chote, kikoromeo na uvimbe wake. Wanasema wamesafisha vizuri, na kila baada ya miezi mitatu watanitazama. Napumulia tundu dogo hapa kwenye kibonde, nyuma ya kitambaa chako cha kijivu. Sauti sina. Kuna kifaa cha kushika shingoni. Nafanya nacho mazoezi mbele ya kioo na kinatoa sauti ya bati, haina juu wala chini. Kichekesho kinaishi kwenye juu na chini, Mama. Kwa hiyo Karani amekwisha. Alhamisi ya tarehe 24 ndiyo ya mwisho yenye sauti yangu. Kazi ya kuandika ninayo, chumba cha watu watano kipo kweli. Naandika kwenye ubao mdogo, nao wanasoma. Sanduku la simu nililitunga.

Mke wangu alinibishia tangu siku ya kwanza. Alikunyima kwa sababu nilimwapisha. Kila ulipopiga alisimama dirishani baadaye.

Barua hii nimeianza mara nane tangu mwezi wa pili. Kila mara ilitoka kichekesho. Nisamehe uso mkavu.

Mwanao


17 Aprili

Mwanangu,

Nimekaa siku moja nzima bila kushika sindano, halafu nimeshika.

Nimekasirika. Niache nikasirike ukurasa huu, ukigeuza nitakuwa nimemaliza. Ulikwenda Jumanne ile mimi nikiwa hapa nabishana na mteja juu ya zipu. Kama ungekufa ningekuwa naendelea kukutazama kila Alhamisi, nikikusubiri uache kununa. Ulifikiria hilo? Ningekuwa nakununia na wewe uko kaburini unauliza habari za mbuzi.

Basi. Geuza.

Simu ile. Sitakwambia nisamehe, kwa kuwa najua utasema hakuna kitu, halafu utafanya mzaha. Nasema tu kwamba nimejua nilichokuzuia kusema, na nitalibeba mwenyewe, wewe usinisaidie kulibeba.

Mkeo mpe karatasi hii aisome: Mkwe wangu, nilikutuhumu kwa mkoba. Ulikuwa umebeba kitu kizito kuliko simu. Nitakushonea gauni jingine, na safari hii nakuja kukupima mwenyewe, wiki ya kwanza ya mwezi wa tano. Usipike, usihangaike.

Sasa wewe. Unasema sauti ya kile kifaa ni ya bati, haina juu wala chini. Nimeishi na cherehani miaka arobaini. Inasema neno moja asubuhi mpaka jioni, nami najua uzi ukikaribia kukatika kabla haujakatika, najua kama inataka mafuta. Kwa hiyo usinitishe na bati. Utakapokuwa tayari utaniongelesha nalo, na nitakuelewa. Kama hujawa tayari, sawa.

Lakini Jumapili hii saa nne napiga mimi. Utapokea. Usiseme kitu. Chukua kikombe na kijiko. Nitakuwa naongea, na nikikuuliza utagonga. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mara tatu ni "Mama, hilo umeshalisema".

Nimekushonea vingine saba. Vya rangi sasa. Mtu asipumue kijivu kila siku.

Mama yako


28 Aprili

Mwanangu Kifungo,

Simu mbili katika Jumapili mbili. Ya kwanza sote tulikuwa waoga. Nikauliza habari za usingizi, za chakula, za daktari, nawe ukagonga kama karani anayepiga mihuri. Nilipokata nililia kidogo, halafu nikaenda sokoni.

Alhamisi nilitazama ya mwisho. Sikuita mtu. Karani alipofunga droo yake akasema "samahani" kwa kiti, kwa simu nyekundu, kwa taa, nilijua ni wewe uliyeyaandika hayo na kwa nini. Alikohoa mara mbili. Nilisikiliza kikohozi chote mpaka mwisho, sikugeuza uso.

Lakini ninayotaka kuandika ni ya jana. Najua ulikuwepo, ila upande wako wa simu hukuusikia kama nilivyousikia mimi.

Nilikuwa nimekwambia habari za mvua na za jirani, nawe umeshagonga tatu mara nne. Ndipo nikakumbuka. Nikasema, unajua nani kaja kwangu Ijumaa? Kaja mwalimu mkuu. Kastaafu, anatembea na fimbo, sauti yake ile ile ya mstari wa asubuhi. Kaleta koti. Jeusi, la sherehe, bitana imeoza, anataka nigeuze upya maana mjukuu wake anaoa. Nikalitandaza mezani. Kifungo kiko pale pale kifuani. Matundu manne. Uzi ni wangu, nimeujua. Akakipapasa kwa kidole akaniambia, "Fundi, hiki ndicho pekee hakijawahi kulegea. Vya siku hizi havina nguvu hii." Nikamwambia, "Vya zamani vilikuwa vinapitia mengi, mwalimu." Sikuinua hata kona ya mdomo.

Kijiko kikaanza. Hakikuwa kimoja, wala viwili, wala vitatu. Kiligonga haraka haraka bila hesabu, kikateleza, kikaanguka chini nadhani, kikaokotwa, kikaanza tena. Hilo hatukulipanga, na mimi sikuwa nimeuliza swali. Nikashika mdomo wa simu nisisikike vibaya. Nikasikiliza mpaka kilipochoka.

Kwa hiyo sasa nakujua unavyocheka. Nilikuwa na wasiwasi na hilo kuliko mengine yote na sikutaka kukuandikia.

Vitambaa vya rangi nakuja navyo, usinitumie mtu kituoni, njia naijua. Ila nina swali moja. Kikombe ulichokuwa unagonga, si kile cha bluu nilichokupa ulipohamia nyumba hiyo? Mwishoni kilibadilika mlio. Kina ufa. Usinifiche.

Mimi mama yako